Padre Aliyeuona Ulimwengu Ukitanuka



Mara nyingi vijana wetu hutuuliza iwapo sayansi ya mwanzo wa ulimwengu haipingani na imani. Juma hili tumtafakari padre mwenzetu, Georges Lemaître, aliyezaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1923 akapewa daraja takatifu ya upadre.

Mwaka 1915 Albert Einstein alifundisha kwamba nguvu ya uvutano si kamba inayovuta vitu, bali ni kupindika kwa nafasi na wakati kunakosababishwa na vitu vizito. Hata saa huenda polepole zaidi karibu na kitu kizito. Lakini Einstein aliamini kwamba ulimwengu umetulia. Kwa kuwa uvutano peke yake ungeuporomosha, mwaka 1917 aliongeza namba moja katika hesabu zake ili kuushikilia.

Padre Lemaître alizichunguza hesabu hizo, na mwaka 1927 akaandika kwamba ulimwengu unatanuka. Nafasi yenyewe ndiyo inayokua, mithili ya unga wa maandazi uliotiwa hamira: unapoumuka, chembe za iliki zilizomo huachana, ingawa hakuna hata moja inayotembea. Einstein alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, ila fizikia yake inachukiza. Mwaka 1929 Edwin Hubble alichapisha vipimo vya galaksi vilivyompa haki Lemaître. Mwaka 1931 padre huyo akapendekeza kwamba vyote vilitokana na "atomu ya awali".

Hapa ndipo penye fundisho kwetu. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pio XII aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba elimu hiyo mpya inashuhudia tendo la Mungu la kuumba. Tungedhani Lemaître angeshangilia. Kinyume chake, hakufurahi. Si kwamba alipungukiwa imani. Alijua kwamba nadharia hurekebishwa, na imani iliyoegemezwa juu yake ingeyumba pamoja nayo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kufundisha katika karne ya 13 kwamba kuumba si kuanzisha tu. Ni kuvitegemeza viumbe vyote katika kuwapo kwao, leo kama jana. Mnamo Septemba 1952, Papa alipozungumza na wataalamu wa nyota, hakuirudia hoja ile.

Busara hiyo imethibitika. Einstein aliitupa namba yake. Lemaître aliitetea, na mwaka 1934 akaihusisha na nishati iliyomo katika nafasi tupu. Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunazidi kuongeza kasi. Nishati isiyoonekana inayodhaniwa kusababisha hayo hukadiriwa kuwa kama asilimia 68 ya vyote vilivyomo, na asili yake bado ni fumbo.

Lemaître alifariki tarehe 20 Juni 1966, muda mfupi baada ya kupashwa habari za kugunduliwa kwa mionzi iliyosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Basi, wazazi, msiwazuie watoto wenu kusoma fizikia kwa kuhofia imani yao. Nasi tusiutafute uthibitisho wa Mungu katika kila gazeti la sayansi. Yeye anatutegemeza hata pale tusipofahamu.

Mungu awabariki. Dominika njema.