Mtoto Halii

Tuanze na jambo ambalo huenda hukulijua kuhusu wimbo wa taifa wa Kenya: lahani yake ilitoka Tana River. Mwaka 1963, kamati iliyokuwa na akina Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume iliichukua kutoka kwa wimbo ambao akina mama Wapokomo huwabembelezea watoto, ikautia maneno mapya. Kwa hiyo tukisimama wima uwanjani, tumesimamia bembelezo.

Ila bembelezo lina sharti: mtoto awe analia. Nesi mpya aliyepangiwa Garsen anahangaikia dakika inayotangulia kilio, na dakika hiyo ina mtihani wake.

Mtihani wenyewe hauna maajabu. Meza, doli, vitambaa viwili, mfuko wa Ambu na barakoa yake, na saa. Mtahini anasema, "Sista, mtoto ametoka. Halii." Hapo mkono ndio hujibu, si mdomo. Unamkausha, unamsugua mgongo, unatupa kitambaa kilicholowa na kumfunika kwa kikavu, unaweka kichwa sawa, unatazama kifua. Hapumui? Barakoa usoni, bonyeza mfuko, kifua kipande. Kisipopanda, huenda hewa inavuja shavuni na wewe unajichosha bure. Yote hayo kabla dakika moja haijaisha.

Vitu vilivyo mezani hapo vilichukua muda mrefu kufika. Mnamo 1871, Mjerumani Bernhard Schultze alikuwa akifundisha madaktari wenzake kumshika mtoto mabegani na kumrusha juu na chini kama bembea ili avute pumzi. Wengine walimchovya kwenye maji ya moto, kisha baridi. Wengine walimning'iniza miguu juu na kumchapa makofi. Usicheke sana, hiyo ya makofi bado iko kwenye filamu.

Mwaka 1952, Virginia Apgar, daktari wa nusukaputi jijini New York, alileta alama za kumpima mtoto dakika moja baada ya kuzaliwa: rangi, mapigo ya moyo, pumzi, nguvu za misuli, na anavyoitikia akiguswa. Alimlazimisha kila aliye chumbani amtazame mtoto pia, si mama peke yake. Miaka minne baadaye, huko Denmark, Henning Ruben na Holger Hesse walitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe. Hauhitaji stima wala mtungi wa oksijeni, na ndiyo maana unafaa hata pale ambapo stima hupotea usiku. Doli nalo lina asili ya dukani: Åsmund Lærdal wa Norway alikuwa mtengenezaji wa vifaa vya kuchezea kabla ya kuunda doli la watu wazima la kufundishia mwaka 1960. Kampuni yake ndiyo baadaye iliyotengeneza doli la mtoto mchanga linalojazwa maji ili uzito wake ufanane na wa mtoto wa kweli.

Basi vifaa tunavyo. Je, kozi na cheti vinatosha?

Jibu la kwanza lilitoka kwetu. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali ya Pumwani, Nairobi. Wahudumu waliopata mafunzo ya siku moja walizifanya hatua za mwanzo ipasavyo mara 66 kati ya 100. Wenzao ambao hawajafunzwa, mara 27. Tofauti kubwa. Lakini kama watoto zaidi walipona, watafiti walisema hilo lingehitaji utafiti mkubwa zaidi.

Jibu la pili lilitoka Haydom, hospitali ya mashambani kaskazini mwa Tanzania. Huko wahudumu walipewa kozi ya siku moja, na kwenye doli wakafanya vizuri. Ndani ya chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Hospitali ikaacha kuitegemea siku hiyo moja. Doli likawekwa karibu, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Hesabu hiyo inaigusa Garsen moja kwa moja. Watoto wengi hulia wenyewe. Takriban mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa kidogo, na wanaohitaji mfuko ni wachache zaidi. Kwenye kituo kidogo, nesi anaweza kumaliza wiki kadhaa bila kuugusa mfuko, na vidole husahau. Malindi iko zaidi ya kilomita 100, na Tana ikifurika, kama Novemba 2023, barabara hukatika. Lakini hata barabara ikiwa kavu, hakuna ambulensi ya kuiwahi dakika moja. Atakayemsaidia mtoto ni yule aliyesimama pale.

Kwa hiyo, sista, pita mtihani, upate cheti chako, ukipige picha umtumie mama. Kisha omba doli lisifungiwe kabatini kwa meneja. Liwe pale chumbani, na kila mnapopokezana zamu, mmoja wenu aseme tu, "Halii," na mwingine aanze. Dakika tatu zinatosha. Mtoto akishalia, wa kumbembeleza wapo.