Pembe, Beti na Gobore

Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipokuwa ikifuata pembe za ndovu hata Unyamwezi na Manyema, silaha iliyotegemewa ilikuwa gobore, bunduki ishindiliwayo mdomoni. Na biashara yake ilikuwa jambo zito hata mkataba wa 1833, baina ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani, ukashurutisha kwamba bunduki, baruti na risasi zisiuzwe Unguja ila kwa serikali yenyewe.

Mwindaji mwenye gobore alichukua ghala nzima mwilini mwake. Baruti, ambayo hasimu zake ni unyevu na cheche, ilihifadhiwa katika pembe au kibuyu kilichozibwa barabara. Risasi na matambara vilikaa katika beti ya ngozi kiunoni. Fataki, vile vikombe vidogo vya shaba vya kuwashia baruti, vilitengwa mbali nayo. Na mdeki, ule ufito wa kushindilia, ulichomekwa chini ya kasiba. Mwenye bunduki ya gumegume, iwashwayo kwa jiwe badala ya fataki, alifunga mawe ya akiba, kwa kuwa jiwe likichakaa halitoi cheche.

Mpango huo haukuwa pambo. Taratibu ya kushindilia haikugeuzwa: baruti kwanza, kisha tambara na risasi, na fataki mwisho kabisa, kwani aliyeitanguliza alihatarisha mkono wake na roho yake, tena ilimpasa mwindaji kukipata kila kitu kwa kupapasa, macho yakiwa kwa ndovu aliyejeruhiwa. Maarifa haya yastahili kuhesabiwa katika elimu ya wazee wetu, sawasawa na uhunzi na ubaharia.