Vocha au pesa taslimu? Jinsi msaada wa corona ulivyopangiwa wakulima

JANGA la corona lilipoingia nchini Machi 2020, mkulima wa Kenya alikuwa tayari anapambana na nzige wa jangwani waliovamia mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Shule na hoteli zilizokuwa zikinunua maziwa na mboga zilifungwa, kafyu ikaanza Machi 27, nazo ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimamishwa.

Hatua hii ya mwisho iliwaathiri zaidi wakuzaji wa maua na mboga, kwa kuwa sehemu ya mazao yao husafirishwa Ulaya pamoja na mizigo ya abiria. Huko Naivasha, maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua walirejeshwa nyumbani.

Mnamo Mei 23, 2020, Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa Sh53.7 bilioni. Kilimo kilitengewa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa Sh3 bilioni za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki. La pili lilikuwa Sh1.5 bilioni za kuwawezesha wakuzaji wa maua na mazao ya bustani kuendelea kuyafikia masoko ya nje. Fungu la kwanza likigawanywa sawasawa, kila mkulima angepata Sh15,000.

Vocha hufanyaje kazi?

Mkulima husajiliwa kwa nambari ya kitambulisho na ya simu. Msimu wa upanzi unapokaribia, hutumiwa ujumbe wenye nambari maalumu, akaenda nao kwa muuzaji wa pembejeo aliyeidhinishwa. Huko hupewa mbegu au mbolea, huku yeye akilipa sehemu ya bei na serikali ikimlipa muuzaji kiasi kilichosalia. Kwa njia hii, fedha za umma haziwezi kutumiwa kwa jambo lisilohusu shamba, na kila mfuko unaotolewa huwa na jina la aliyeupokea.

Marekani ilifuata njia tofauti. Mnamo Aprili 2020, serikali yake ilitangaza Dola 16 bilioni za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja. Malipo yalikadiriwa kulingana na wingi wa mazao au idadi ya mifugo, na kiwango cha juu kikawekwa kuwa Dola 250,000 kwa mtu mmoja. Mwenye shamba kubwa alilipwa zaidi, naye alikuwa huru kutumia pesa hizo kulipa deni, mishahara au karo.

Uhuru huo ndio anaoukosa mwenye vocha. Mkulima ambaye nyanya zake zilimwozea kwa kukosa soko hakuwa na haja ya mbolea pekee. Alihitaji pia unga wa siku hiyo.

Nani aliachwa nje?

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya familia milioni sita nchini hujishughulisha na kilimo. Kwa hivyo, vocha 200,000 zilitosha takriban familia moja kati ya kila thelathini. Aidha, mpango wa aina hii humwacha kando asiye na laini ya simu kwa jina lake, anayeishi mbali na muuzaji aliyeidhinishwa, au asiye na pesa za kulipia sehemu yake. Wengi wa hao ni kina mama wanaolima mashamba yasiyo kwa majina yao.

Janga limepita, lakini utaratibu huo ungalipo. Usajili wa wakulima nchini kote mwaka wa 2023, uliofanywa kwa ushirikiano na machifu, ndio uliotumiwa kugawa mbolea ya ruzuku kwa vocha za simu. Ni muhimu basi kwa kila mkulima kuhakikisha kwamba jina lake, nambari yake ya simu na ukubwa wa shamba lake vimeandikwa sawasawa kabla ya msimu kuanza. Msaada utakapotangazwa tena, serikali itaanzia kwenye orodha hiyo.