Sosiete haibebi pasipoti yako: kesi ya Diallo na inchi yetu

Wengi wetu tunatoka masomoni na wazo moja: kufungua sosiete, kama si hapa, basi Kampala ao Lusaka. Mbele ya kutia saini, naomba tuangalie kesi moja ya kwetu, ambayo wanafunzi wa sheria wanaisoma dunia nzima.

Ahmadou Sadio Diallo, mwana wa Guinea, alifika kwetu mwaka wa 1964. Mu 1974 akaanzisha Africom-Zaire, sosiete ya kuingiza na kutosha bidhaa. Mu 1979 Africontainers-Zaire, ya kubeba mizigo mu makontena. Kisha akaanza kudai deni za sosiete zake: kwa Leta, kwa Gécamines, kwa makampuni ya mafuta. Tarehe 5 Novemba 1995 akakamatwa, akalala ndani siku 66. Tarehe 31 Januari 1996 wakamfukuza mu inchi.

Desemba 1998, Guinea ikapeleka Congo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye. Ilidai zaidi ya dola miliari 31!

Mu 2007 Mahakama ikafunga mlango juu ya zile deni. Juu ya nini? Sosiete zile ziliandikishwa kwetu, basi zilikuwa raia wa Congo. Guinea inaweza kutetea mtoto wake Diallo, lakini si sosiete zake, hata kama ni yeye alizianzisha.

Diallo mwenyewe je? Tarehe 30 Novemba 2010 Mahakama ikasema Congo ilivunja haki zake. Amri ya kumfukuza ilitiwa saini na Waziri wa Kwanza, wakati sheria yetu wenyewe ilimpa Raisi uwezo ule, na komisio ya wahamiaji haikuulizwa. Tarehe 19 Juni 2012 Congo ikaamriwa kulipa dola 95 000: 85 000 juu ya mateso, 10 000 juu ya vitu vyake vya nyumbani. Tangu 1949 Mahakama ile haikukuwa imehesabu malipo ya namna hiyo.

Mwaka ule ule, tarehe 12 Septemba, sheria za OHADA zikaanza kutumika kwetu. Leo mtu moja anaweza kuunda SARL peke yake. Ni vizuri. Lakini hata ukiwa peke yako ndani, wewe na sosiete ni watu wawili. Ukiiandikisha Kampala, ni raia wa Uganda. Wakiikosea, Kinshasa haitaisemea, isipokuwa kama kuna mkataba kati ya inchi hizo mbili.

Kwa hiyo, mbele ya kuandikisha, uliza avoka maneno mawili: mkataba ule uko? Na tukigombana, ni tribinali gani itakata maneno? Uiandike mu kontra toka siku ya kwanza.