Jinsi ya kuunda kigezo cha volteji nyumbani

MITA ya umeme inapoanza kupotoka, haimjulishi mwenyewe. Fundi anayechaji betri ya lithiamu isiyopaswa kuzidi volti 4.2 huenda akasoma 4.20 ilhali betri imefika 4.25. Kosa hilo hufupisha maisha ya betri, na likizidi huweza kuzua moto.

Ndiposa wapenzi wa elektroniki huunda kigezo cha volteji, yaani kifaa kidogo kinachotoa volteji isiyoyumba, ili walinganishe mita zao nacho.

Haja hii si mpya. Mwaka wa 1893, Edward Weston alibuni seli ya kadmiamu na zebaki iliyotoa takriban volti 1.0183 katika nyuzijoto 20. Kuanzia 1911, seli hiyo ilikuwa kigezo cha kimataifa. Tangu 1990, maabara kuu za dunia hutegemea athari iliyotabiriwa na Brian Josephson mwaka wa 1962, ambayo huhitaji baridi kali isiyopatikana nyumbani.

Anayeunda chake hutumia chipu ya kigezo cha volteji. AD584 ni rahisi kutumia, nayo hutoa volti 10, 7.5, 5 na 2.5. Iliyo thabiti zaidi ni LM399, ambayo hutoa takriban volti 6.95. Ndani yake mna kipashajoto kinachoidumisha katika nyuzijoto 90 hivi, iwe asubuhi ya baridi au adhuhuri ya jua kali.

Kifaa hicho hufungwa ndani ya kasha ili upepo usikifikie. Viungo vya waya viwe vya shaba kwa shaba, kwani metali mbili tofauti zikipata joto lisilolingana huzalisha volteji ndogo ya ziada. Kisitumiwe kuendesha saketi nyingine, na kiachwe kipate joto kabla ya kupima.

Hata hivyo, uthabiti si usahihi. LM399 moja yaweza kutoa volti 6.6 na nyingine 7.3, kila moja ikishikilia thamani yake. Thamani hiyo haijulikani hadi ipimwe kwa chombo kinachoaminika zaidi. Nchini Kenya, vigezo vya kitaifa vya vipimo hutunzwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo maabara zake hukagua vyombo vya kupimia.

Matokeo yaandikwe kwenye kasha pamoja na tarehe, na upimaji urudiwe mara kwa mara. Bila tarehe hiyo, kigezo hugeuka kuwa mita nyingine ya kutiliwa shaka.