Ukinzani wa Uhuru katika Kitabu cha James Mbotela

Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotolewa London mwaka 1934, kimehukumiwa na wahakiki kadha kuwa ni sifa tupu kwa mkoloni. Hukumu hiyo ina msingi: humo Mwarabu ndiye mtesi, Mwingereza ndiye mkombozi. Hata hivyo, haielezi kwa nini mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani ausimulie uhuru kwa lugha ya shukrani.

Jibu limo Kisauni. Frere Town, alikozaliwa Mbotela, ilianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875, miaka 2 baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini. Watu waliotekwa majahazini na manowari za Kiingereza waliletwa hapo, wakapewa makazi, shule na dini. Wakapewa pia msimamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 msimamizi huyo, J. R. Streeter, alishutumiwa kwa kuwacharaza viboko watu hao hao waliokwisha kuitwa huru. Kule Rabai, tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kuwalipa mabwana wao fidia. Kumlipa bwana ni kukiri kwamba mtu yule alikuwa mali yake kwa haki.

Urusi nayo ilipowaacha huru watwana wa mashamba mwaka 1861, iliwadai malipo ya ardhi waliyoilima tangu enzi za babu zao. Katika jamii hiyo ndimo Dostoevsky alimoandika, mwaka 1866, habari za Raskolnikov, kijana anayeua kwa hoja ya kutenda jema. Ukinzani huo unaonekana kwa kuwa mhusika mwenyewe unamtesa.

Kwa Mbotela hapana mhusika anayeteswa hivyo. Ukinzani umejificha katika sauti ya msimulizi. Aliyepewa uhuru kama zawadi hubaki na deni, na mwenye deni hushukuru. Basi shukrani ile isichukuliwe kuwa ila ya mwandishi peke yake. Ni ushahidi wa namna uhuru wenyewe ulivyotolewa, na mhakiki anayeitupa anatupa sehemu ya historia ya Kisauni.