Malipo ya Uzeeni, Bara na Visiwani

Hapo kale akiba ya mzee ilikuwa watoto na shamba. Kazi ya mshahara ilileta akiba nyingine. Mwaka 1964 Bara iliunda mfuko wa akiba ya wafanyakazi, uliogeuzwa kwa sheria ya 1997 kuwa NSSF, wenye kulipa pensheni. Lakini mfuko humlipa aliyechangia. Wakulima na wavuvi wengi wakabaki nje. Zanzibar ikashika njia nyingine: Aprili 2016 ilianza kuwalipa wazee waliotimiza miaka 70 Sh. 20,000 kwa mwezi, wawe walichangia au hawakuchangia. Kiasi kilikuwa kidogo, maana yake ni kubwa. Jasho la mchuma karafuu wa Pemba na la mlima pamba wa Shinyanga ni jasho la taifa moja. Kwa nini uzee wao upimwe kwa mizani mbili?